Ndege Nyeusi na Mkono Wangu wa Kulia

Vumbi na mimi hatupatani. Kaskazi ikianza kuvuma huku Malindi, mchanga huingia hata kwenye kabati lililofungwa kwa ufunguo, na chumvi ya bahari huganda juu ya kila kitu kinachong'aa. Mke wangu amezoea. Mimi sijazoea, na miaka hamsini na sita ni mingi kwa mtu ambaye bado hajazoea hewa ya kwao. Hutembea nyumbani na kitambaa mkononi, nafuta na kununa, naye husema siku nitakayokufa itabidi awaambie watu wapanguse jeneza kwanza, la sivyo nitagoma kulala ndani yake.

Nayasema haya mapema ili msomaji asinionee huruma kupita kiasi. Yaliyonipata nilijitakia mwenyewe, na kwa kuwa yamepita, alhamdulillahi, naweza kuyasimulia huku nikicheka.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Nina chumba cha kazi mjini, si kikubwa: meza, jiko la kuchemshia kalibu za plasta, na feni ya ukutani inayovuta hewa chafu na kuitoa nje. Wateja wangu wanatoka Malindi, Mambrui, Gede, hata Tezo, na nikienda arusini huona kazi yangu ikinichekea kutoka kila upande. Ni kazi ya mikono. Jino likikaa nje ya mstari wake kwa unene wa unywele mmoja, mteja atalihisi kwa ulimi hata kama hawezi kulieleza.

Modeli za ndege zilikuja kwa njia ya hayo hayo meno. Mzee mmoja wa Kitaliano, mteja wangu wa miaka mingi, alipoamua kurudi kwao uzeeni, aliniita nyumbani kwake akanipa makasha matatu ya karatasi ngumu yaliyofifia rangi. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vya kuunganisha ndege ndogo, vipande vidogo vidogo, vimeshikiliwa kwenye fremu zake kama vile siku vilipotoka kiwandani. Alivinunua akiwa kijana, akavibeba nyumba hadi nyumba, hakuvijenga hata kimoja. "Ukinitengenezea meno hukosei," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Malindi, ambacho ni safi kuliko cha watoto wangu. "Na hizi usikosee."

Hazikuwa ndege za kubeba abiria. Zilikuwa za majaribio, zile ambazo Wamarekani waliunda zamani ili waone mtu anaweza kupanda juu kiasi gani kabla mbingu haijamkataa. Moja ilikuwa na mabawa marefu membamba. Moja ilikuwa kama yai lenye mkia. Ya tatu, niliyoipenda tangu nilipofungua kasha, ilikuwa nyeusi tii, na mabawa mafupi hata ukashangaa inaruka na nini. Haikuweza kupaa yenyewe kutoka chini. Ilibebwa chini ya bawa la ndege kubwa, ikaachiliwa huko huko angani, kisha ikawasha roketi yake na kupanda hadi mahali ambapo hewa ni haba mno, bawa halina cha kushika na rubani hana cha kuvuta. Kwa hivyo alivalishwa nguo maalumu ya rangi ya fedha, imemfunika kuanzia kichwani hadi vidoleni, na hewa yake mwenyewe ndani.

Sijui kwa nini mambo haya yalinishika hivyo. Mimi ndege nimepanda mara mbili tu, Malindi hadi Nairobi, na mara zote mbili niliketi nimefumba macho nikisoma dua. Lakini kuna raha katika kukata kipande kutoka kwenye fremu yake, kukipiga msasa, kukijaribu mahali pake, kukitoa, kupiga msasa tena, mpaka kikaingia bila kulazimishwa. Mtu wa meno anaijua raha hiyo. Tofauti ni kwamba ndege hairudi Jumatatu kukuambia meno yanaichoma ufizi.

Nilianza ile nyeusi mwezi wa Disemba, katika chumba cha uani tunachowekea magunia. Disemba ndio kaskazi yenyewe. Jioni ya kwanza nilipaka rangi bawa moja, nikaliacha likauke, na asubuhi nilikuta limeota vumbi kama andazi lililoangukia mchangani. Nilikasirika hata nikakosa kula. Siku ile ile nilifunga madirisha yote mawili, nikaziba nyufa kwa karatasi na gundi, nikazima feni ya humo, na kila nikiingia nikawa natandika khanga kuukuu chini ya mlango. Halafu nikaketi humo na kikoi tu, jasho likinitiririka mgongoni, nikafanya kazi.

"Unajipika," mke wangu aliniambia kutoka nje ya mlango.

"Nafanya kazi."

"Basi ukiiva nambie, nikutie nazi."

Kulikuwa na jambo la pili. Gundi iliyokuja ndani ya kasha ilikuwa imekauka kuwa jiwe. Huku kwetu gundi ya namna hiyo sijaiona dukani. Lakini sisi mafundi wa meno tuna maji yetu, yale tunayochanganyia unga wa rangi ya waridi ili uwe ufizi. Ni meupe kama maji ya kunywa, ila ukidondosha tone kwenye plastiki, plastiki inalainika, na ukibana vipande viwili vinashikana kama vilizaliwa pamoja. Nilipogundua hivyo nilijiona bingwa. Maji hayo yana harufu kali inayopanda puani na kukaa huko. Kazini nina sheria moja, na nimewahi kugombana na mafundi wenzangu kwa ajili yake: feni kwanza, chupa baadaye. Nyumbani niliisahau sheria hiyo kabisa, kwa kuwa nyumbani sikuwa kazini, nilikuwa nikistarehe.

Kufikia Januari kifua kilianza kunibana. Nilikuwa na pumu utotoni, ikaondoka, na sasa nikasema imerudi na vumbi la kaskazi. Nikazidi kuziba nyufa. Nilikwenda duka la dawa, nikaomba vile vidonge vidogo vya kufungua kifua ambavyo kila mtu anavijua, nikaambiwa nimeze kimoja kimoja. Kimoja kilinisaidia wiki moja. Nikaanza kumeza viwili viwili, asubuhi, mchana na usiku, na siku mbaya nikaongeza. Sikumuuliza mtu. Mimi mwenyewe hukasirika mteja anapojichongea meno kwa tupa nyumbani kwake, lakini kifua changu nilikichonga hivyo hivyo.

Ijumaa moja baada ya sala niliketi kumpaka rangi rubani. Rubani yule ni mdogo kama punje ya mahindi, ameketi, mikono magotini. Nilikuwa nimempaka nguo yake ya fedha na sasa ilibaki kioo cha mbele ya uso wake, mahali pa tone moja la rangi nyeusi. Nilichukua brashi nyembamba kuliko zote nilizonazo, ile ninayochorea mishipa kwenye ufizi. Nikaisogeza. Ncha ikacheza. Nikairudisha, nikashusha pumzi, nikaisogeza tena, na ncha ikacheza tena, ikamchafua kifua chote.

Niliweka brashi chini nikautazama mkono wangu wa kulia. Ulikuwa ukitetemeka.

Hapa lazima nieleze juu ya baba yangu. Baba alishona kofia, zile nyeupe zenye matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi, kofia ambayo humchukua mtu miezi kuimaliza. Watu walitoka Lamu kumfuata. Akiwa na umri kama wangu wa sasa, mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Mwanzo aliukalia. Ukimkuta barazani, amekalia mkono wake kama mtu anayeficha barua. Kisha sindano ikawa haiingii tunduni, kisha miguu ikawa mizito, kisha uso ukawa hauchezi hata akifurahi, na miaka minne ya mwisho alilishwa kwa kijiko. Mama alikuwa ameshatangulia. Aliyemlisha ni mke wangu. Asubuhi, mchana na jioni, kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu na kumzungumzisha habari za mjini, na hakulalamika hata siku moja.

Sasa msomaji ataelewa kwa nini nilimficha. Kufa sikukuogopa sana. Niliogopa kile kijiko, na mkono wa nani ungekishika. Mwanamke yule alikwisha kulipa deni hilo mara moja, tena halikuwa lake. Nilisema moyoni, Mola wangu, nipe ugonjwa mwingine wowote.

Basi nikaanza kuishi kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Mkono niliutia mfukoni. Sahani niliishika kwa mikono miwili. Kazini nilipanga meno kwenye nta na kuyapangua, nikayapanga tena, na mama mmoja wa Mambrui aliyekuja kujaribu yake alijitazama kwenye kioo akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hili la mbele linataka kumsalimu mwenziwe." Nilicheka naye, kisha alipoondoka nilifunga mlango nikaketi. Moyo nao ulikuwa ukienda mbio, mchana na usiku, nami nikasema huo ni woga. Kila nilipoogopa nilipumua vibaya, na kila nilipopumua vibaya nilimeza kidonge.

Mwishoni mwa Februari nikavunja sindano ya pua. Ile ndege nyeusi ina kijiti chembamba kinachochomoza mbele kabisa, na nilikuwa nikikitia mahali pake mkono ulipokichapa kikakatika. Plastiki ya miaka sitini, haina kipande cha akiba popote. Kuibadilisha si kazi, waya wa meno ninao. Lakini niliketi chumbani mle nikiwa nimeshika kijiti kilichokatika, nikajiambia, yameshanifika. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kama ni ugonjwa wa baba, bora niambiwe na mtu anayejua.

Malindi singeweza kwenda hospitali. Malindi ukikohoa asubuhi, adhuhuri unaletewa tangawizi na mtu usiyemjua. Nilimwambia mke wangu nakwenda Tezo kuangalia mikorosho yetu, nikapitiliza hadi Kilifi.

Daktari alikuwa binti mdogo, pengine umri wa mwanangu wa pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nikusaidie nini?"

"Nimepata ugonjwa wa baba yangu."

"Nani amekwambia?"

Nilinyoosha mkono wangu wa kulia juu ya meza yake, nikauacha ujieleze. Hakushtuka. Aliuliza habari za baba, nikamweleza zote, hata kofia. Kisha akaniambia nilaze mikono mapajani, niilegeze, nihesabu kutoka mia kurudi nyuma kwa saba saba. Mimi hesabu naziweza. Nilifika hamsini na moja akanisimamisha.

"Tazama mikono yako."

Nikatazama. Ilikuwa imelala mapajani, imetulia kama mikono ya mtu mwingine. Miezi yote ile sikuwahi kuitazama ikiwa haina kazi.

Akaniambia niinyooshe mbele, akanilazia karatasi juu ya vidole, na karatasi ikatetemeka. Akaniambia nitembee, nigeuke, nigonge meza kwa kidole. Kisha akaketi.

"Mkono wa baba yako ulikuwa ukitetemeka akiwa amekaa tu, hakushika kitu?"

"Ndiyo. Akichukua sindano, mwanzo mwanzo, ulitulia kidogo."

"Wako ni kinyume. Unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa."

"Hata ya kifua? Nakusikia kutoka hapa."

Nilitoa pakiti mfukoni. Aliuliza ni vingapi kwa siku, nikamwambia viwili mara tatu, na siku mbaya naongeza. Akaweka kalamu chini. Alinieleza polepole, kama anavyoelezwa mtu mzima aliyefanya ujinga, kwamba vidonge vile vikizidi ndivyo vinavyotetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio. Halafu akauliza kifua kilianza lini, na nini kilikuwa kipya nyumbani tangu wakati huo.

Hapo niliona haya kuliko kama ningevuliwa shati. Nilimwambia habari za ndege. Nilimwambia habari za madirisha, karatasi ya nyufa, khanga chini ya mlango, feni niliyoizima, na yale maji. Alinisikiliza akiuma mdomo. Nilijua anajizuia asicheke, na nilimshukuru kwa hilo.

"Baba, kazini unayatumia maji hayo bila feni?"

"Hata kidogo. Yana madhara."

Hapo nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Alinipima kifua kwa kunipulizisha kifaa, akanipa dawa ya kuvuta mdomoni na kuniandikia namna ya kuitumia, akaniambia niache vidonge na nisikanyage chumba kile mpaka kipate hewa. "Siwezi kukuapia leo," alisema. "Rudi baada ya wiki mbili tuone mkono. Lakini ungekuwa baba yangu mimi, leo ningelala usingizi."

Nilitoka nje, nikaketi kwenye benchi la saruji karibu na lango, nikalia. Nalisema wazi, nililia mpaka askari wa lango akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia la, sijafiwa, na nikalia tena kwa sababu lilikuwa kweli. Kisha nikanunua viazi vya karai vilivyojaa ukwaju, nikala kwa mkono huo huo wa kulia, ukitetemeka mbele ya watu, na sikuuficha.

Nyumbani sikusema kitu. Bado palikuwa na wiki mbili, nami sikutaka kumpa mke wangu habari nusu. Nilibandua karatasi kwenye nyufa, nikafungua madirisha yote, nikahamishia meza yangu ukumbini palipo na upepo. Mke wangu alisimama mlangoni akitazama mchanga ukiingia, akauliza kama mikorosho ya Tezo ndiyo iliyoniambia nifanye hivyo. Nikamjibu mikorosho haina maneno. Maji ya meno niliyarudisha kazini yanakostahili. Siku ya nne moyo ulikuwa umepunguza mbio. Siku ya saba nilipanga meno ya juu ya yule mama wa Mambrui mara moja tu, hayakusalimiana. Siku ya kumi nilimsafisha rubani kifua chake, nikampaka kioo chake kwa tone moja, nikamweka ndani ya ndege. Rangi ya bawa ina punje za vumbi, ukiitazama karibu utaziona. Nimeziacha.

Nilirudi Kilifi siku yangu ilipofika. Binti yule alinilazia karatasi juu ya vidole na karatasi haikutikisika. Alicheka safari hii, kwa sauti. Nami nikacheka, na nikamwombea dua ndefu kuliko alivyotarajia.

Siku hiyo nilifika nyumbani alasiri, mke wangu akiwa anamimina chai. Nikaketi, nikamweleza yote tangu mwanzo: mkono, kijiti kilichovunjika, uongo wa Tezo, vidonge, maji, daktari. Nilimwambia nilimficha kwa sababu ya baba, na kwa sababu ya kijiko. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Mkono. Tangu Januari. Kwani hukuona kuwa nakumiminia kikombe nusu?"

Sikuwa nimeona. Mtu mzima ninayeona unywele mmoja kwenye mstari wa meno, nilikunywa nusu kikombe asubuhi na jioni kwa miezi miwili, na sikuona.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unahangaika sana kujificha. Nikasema nikuache, mpaka utakapochoka." Akaweka birika chini. "Na kile kijiko cha baba nilikuwa nimekitafuta nikakiweka karibu. Nilijiambia, nilimlisha baba yake, yeye atanishinda nini?"

Akachukua kikombe changu akakijaza hadi mdomoni, akaninyooshea. Nikakipokea kwa mkono wa kulia, nikakipeleka kinywani polepole, naye hakuyaondoa macho kwenye vidole vyangu mpaka nilipokirudisha mezani. Halikuwa limemwagika tone. Hapo ndipo alipoketi, akajifunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti, na mimi nikakaa kando yake nikamngojea amalize.